Ukienda Kwenye Dansi ya Wakajuni, Anza na Walzi

Mgeni anayefika Louisiana, jimbo la kusini mwa Marekani, kusikiliza muziki wa Wakajuni, watu wa huko wenye asili ya Kifaransa, hukosea mara tu anapotafuta kiti, na mimi nilikosea hivyo hivyo. Tulitoka Houston kwa gari, mwendo wa zaidi kidogo ya saa tatu, hadi mji wa Eunice, kwenye ukumbi wa Liberty uliofunguliwa mwaka 1924, ambako muziki huu hupigwa Jumamosi jioni. Nilikaa nyuma nikiamini kwamba nimekuja kutazama, lakini wimbo wa kwanza haukufika nusu kabla nafasi iliyo mbele ya jukwaa haijajaa watu, wengi wao wazee. Bibi mmoja mwenye mvi akaja akaninyoshea mkono.

Nashukuru kwamba ilikuwa walzi, dansi ya mapigo matatu. Tu-stepu, dansi yao nyingine, ina haraka na humchanganya mgeni, ilhali walzi inakupa nafasi ya kuusikia muziki kabla ya kuufuata. Sikio langu lililolelewa na taarabu liliwahi kuikamata akodiani, ambayo kwa Wakajuni ni ndogo na upande wa kupigia wimbo ina vitufe kumi tu, pamoja na fidla. Hata hivyo kilichoniongoza miguu ni pembetatu ya chuma, ambayo zamani ilitengenezwa kwa meno ya reki za kukusanyia nyasi. Acha kuhesabu hatua, usikilize chuma hicho.

Vaa viatu vya soli ya ngozi. Vyangu vilikuwa vya mpira, vikawa vinanata sakafuni kila nilipogeuka, na goti likaniuma siku mbili. Jua pia kwamba wachezaji wote huzunguka kinyume cha saa, wenye mwendo wa kasi wakipita pembezoni na wenye hatua fupi wakibaki katikati. Ukipotea, ingia ndani au utoke kabisa, kwa maana mimi nilisimama njiani na wenzi wawili wakanigonga kwa nguvu.

Kwetu, kwenye taarabu, mtu huinuka kwenda kutuza kisha akarudi kitini, kwa hiyo kushikwa mkono na kiuno na mtu usiyemjua ni jambo zito. Elewa kwamba huko mwaliko ni wa wimbo mmoja tu, na unapokwisha mnashukuriana na kuachana, bila yeyote kudhaniwa vibaya. Wala usijione kwamba umevamia shughuli ya watu wengine kwa sababu ya rangi yako: Amédé Ardoin, mpiga akodiani Mkrioli mweusi, yaani wa jamii ya Louisiana iliyozungumza Kifaransa, alirekodi mwaka 1929 pamoja na mpiga fidla Dennis McGee, na muziki huu umejengwa juu ya kazi yao.

Nyimbo ni za Kifaransa, lugha ya mababu wa Wakajuni, ambao Waingereza walianza kuwafukuza kutoka Acadia, huko Kanada, mwaka 1755, na walzi nyingi ni za kuachwa na upweke. Dansi zenyewe ziliitwa “fais do-do”, yaani “lala, mtoto”, kwa kuwa watoto walilazwa chumba cha pili ili wazazi wacheze. Usiku ule niliona baba akicheza polepole katikati ya duara, mwanawe amelala begani, mkono wa mtoto ukining'inia na kuyumba kwa kila mzunguko. Walzi ya mwisho ilipoanza, mimi ndiye niliyevuka ukumbi kwenda kumwomba yule bibi.