Re: Mpinzani katoa ofa ya sare, kisha anasema ameifuta
Salaam mkuu. Nimekuelewa: mpinzani wako wa chesi alikupa ofa ya sare, ukawaza dakika tano, akasema ameifuta, nawe ukaikubali. Kwa sheria za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, ofa haifutwi. Inabaki hadi uikubali, uikatae kwa mdomo, au uguse kete kwa nia ya kuicheza. Basi jiulize kwanza: uligusa kete? Mimi niliwahi kushika farasi huku bado nawaza, sare ikaota mbawa hapo hapo! Halafu tazama karatasi zenu za kuandikia miendo kama kuna alama (=), yaani ya ofa ya sare. Bila hiyo mwamuzi anabaki kusikiliza kelele za watu wawili. Siku nyingine simamisha saa umwite mwamuzi kabla hamjaanza kubishana. Na zisome kanuni za mashindano yenyewe, mengine hayaruhusu kupatana sare kabla ya mwendo wa 30.