Maji yanatoka masafi, mbona watoto wanaharisha?

SWALI: Habari zenu jamani, sisi tunachota maji bomba la jirani, yanatoka masafi kabisa, sasa mbona watoto wangu matumbo hayaishi kuwasumbua?

JIBU: Pole sana mama. Mara nyingi shida haiko bombani, iko njiani na humo ndani, maji yanatoka salama halafu yanaingia kwenye dumu lenye utelezi wa kijani, yakifika nyumbani yanamiminwa kwenye ndoo isiyo na mfuniko na kila mtu anachovya kikombe, vidole navyo vinaingia, hapo vijidudu vishapata njia. Osha dumu kwa sabuni, tia kokoto utikise mpaka utelezi utoke, na ukiweza tafuta ndoo yenye koki na mfuniko, inasaidia mno. Ya kunywa yachemshe yatokote kwa nguvu dakika 1 (milimani juu ya mita 2,000 fanya 3), yapoe humohumo yakiwa yamefunikwa.

Na choo je? Kinyesi cha mtoto mchanga wengi wanakidharau, jamani kina vijidudu kama cha mkubwa, kitupe chooni unawe kwa sabuni. Mtoto akianza kuharisha mpe ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji safi) mapema, ukiona damu au macho yamedidimia mkimbize kituo cha afya.