Vibanio vya masikio kwa mume aliyestaafu jeshi

Dada wa Mafinga, pole sana. Unasema mumeo mstaafu wa jeshi halali, bodaboda ikipiga mlipuko anaruka, na fundi simu anataka kumtengenezea kwa betri ya volti 9 "kifaa cha kutuliza ubongo" kama kile kinachojaribiwa kwa wanajeshi wa Marekani.

Majaribio yapo kweli. Vibanio viwili vyenye pedi iliyoloweshwa hushikizwa kwenye ndewe za masikio, umeme usiofika hata miliampea 4 unapita kwa dakika 20 hadi saa nzima. Mtu huhisi kuchonyotwachonyotwa, wengine kizunguzungu. Huko kwao vinatolewa kwa cheti cha daktari. Ila ushahidi wa faida yake ni dhaifu. Tafiti nyingi ni ndogo.

Cha fundi kikataeni. Kisipokuwa na kidhibiti cha umeme, kinaunguza ngozi. Tena muulize mumeo kama ana kifafa, kifaa cha moyo au kipande cha chuma kilichobaki kichwani. Wanajeshi hawa, usipowauliza hawasemi.

Anzieni Hospitali ya Mji Mafinga, mwombe rufaa ya afya ya akili, Iringa au Hospitali ya Kanda Mbeya. Aulizie tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe. Hiyo ndiyo yenye ushahidi mzito. Dawa alizopewa asiache ghafla. Na ulanzi, pombe ya mianzi, apunguze (najua ni msimu wake): pombe hiyo inamlaza mapema, saa tisa usiku anaamka moyo unamdunda.

Akitamka kwamba amechoka kuishi, msingoje rufaa, mpeleke usiku huohuo.