Fundi amehamishwa timu, mbona ratiba bado inamng'ang'ania?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Naratibu ratiba za mafundi wa umeme na minara ya simu mkoani Morogoro. Tuna timu nne, na wapanda minara wenye cheti ni wawili tu. Tunatumia Salesforce Field Service, programu ya kupanga kazi na ratiba za mafundi. Nikimtoa fundi Timu A nikampeleka Timu B kwa wiki moja, ripoti ya mwezi uliopita inakuwa kama vile hakuwahi kukanyaga Timu A. Timu inapewa kazi ya kupanda mnara wakati mpandaji wake yuko likizo, na likizo hiyo nimeiingiza mwenyewe kwenye mfumo. Mafundi niliowapakia kwa faili wanaanza timu saa tisa usiku badala ya asubuhi. Na dereva je, nimwingize kwenye timu au nimwache?

JIBU: Salama, ndugu mratibu. Naanza na kitu kimoja ambacho kinabeba karibu maswali yako yote: kwenye mfumo huo timu si orodha ya majina. Timu nayo ni rasilimali, kama alivyo fundi mmoja mmoja. Ina rekodi yake ya rasilimali yenye aina ya timu, ina eneo lake la kazi, ina saa zake za kazi na ujuzi wake. Mafundi wanaunganishwa nayo kwa rekodi nyingine ndogo, ya uanachama, ambayo ina tarehe na saa ya kuanza, tarehe na saa ya kumaliza, na kisanduku cha kuonyesha nani kiongozi. Injini ya kupanga ratiba ikitafuta nani wa kumpa kazi, inaitazama timu. Haimchunguzi Fulani wala Fulani aliye ndani yake.

Ukishalishika hilo, suala la ripoti linajieleza. Nadhani unapomhamisha fundi unafungua uanachama wake wa Timu A na kubadilisha jina la timu liwe Timu B, au unaufuta na kuandika mpya. Vyovyote iwavyo, umefuta historia. Uanachama ni kipindi, na kipindi kilichopita hakiguswi. Fundi akienda Timu B Jumatatu, funga uanachama wake wa A kwa kuweka saa ya kumaliza Ijumaa jioni, kisha mwandikie uanachama mpya wa B wenye mwanzo na mwisho. Anaporudi A, mwandikie mwingine tena. Ndiyo, baada ya mwaka fundi mmoja atakuwa na rekodi nyingi za uanachama, na watu wanaopenda mfumo msafi wataguna. Waache wagune. Siku meneja atakapouliza nani alikuwa saiti ya Kilosa betri zilipoungua, rekodi hizo ndizo zitakazojibu.

Kuandika hivyo kwa mkono kila wiki kunachosha, kwa hiyo tumia ukurasa wa usimamizi wa timu uliomo kwenye mfumo, unaokuonyesha timu na wanachama wao kwa siku au wiki, ukamvuta fundi kutoka timu moja hadi nyingine. Kila timu pia iache mwisho wazi kwa watu wake wa kudumu tu. Wa kuazimwa wote wapewe tarehe ya mwisho siku ileile wanayoingizwa, maana mtu wa kuazimwa asiye na tarehe ya mwisho hugeuka wa kudumu bila mtu yeyote kuamua hivyo.

Sasa wapanda minara. Hapa ndipo penye kazi.

Ujuzi unaosomwa timu inapopangiwa kazi ni ule uliowekwa kwenye rekodi ya rasilimali ya timu. Timu hairithi ujuzi wa wanachama. Bila shaka mliiwekea Timu A ujuzi wa kupanda mnara siku mpandaji alipoingia, na ujuzi huo umebaki pale hata akienda likizo, hata akiacha kazi. Likizo uliyoingiza ni yake binafsi. Inafunga kalenda yake yeye, haifungi ya timu. Mfumo ukiitazama Timu A unaona timu iko kazini na ina ujuzi unaotakiwa, unaipa kazi. Haujakosea, umefanya ulichouambia.

Dawa ya haraka ni kuuwekea ujuzi wa timu tarehe. Rekodi ya ujuzi wa rasilimali nayo ina tarehe ya kuanza kutumika na ya kuisha, kwa hiyo unaweza kuukata ujuzi wa Timu A siku mpandaji anapoanza likizo na kuuandika upya siku anaporudi. Inafanya kazi, lakini inadai kwamba kila anayepitisha likizo akumbuke pia kugusa ujuzi wa timu, na kwenye ofisi nyingi anayepitisha likizo ni mtu wa rasilimali watu asiyejua hata kwamba ukurasa huo upo. Kwa wapandaji wawili na timu nne, mimi nisingeijenga hivyo.

Ningewatoa wapandaji wote wawili kwenye timu zao na kuwafanya timu ya tano. Sababu yangu ya kwanza ni ya usalama. Kampuni nyingi za minara hazimruhusu mtu apande peke yake, na ukiwa na wawili tu, kila kazi ya juu inawahitaji wote wawili. Kuwagawa kwenye timu mbili kulikuwa kunatengeneza timu mbili ambazo hakuna hata moja inayoweza kupanda. Sababu ya pili ni ya ratiba: mtu adimu akifungwa ndani ya timu, siku timu hiyo inapobadilisha rektifaya (kifaa cha kugeuza umeme wa AC kuwa DC) Gairo, naye yuko Gairo anashika tochi, huku mnara wa Ifakara unamsubiri.

Timu hiyo ya wapandaji ndiyo pekee iwe na ujuzi wa kupanda. Kazi inayohitaji mafundi umeme chini na wapandaji juu igawe miadi miwili chini ya oda moja ya kazi, wa umeme na wa kupanda, kisha iunganishe kwa utegemezi wa kuanza kwa wakati mmoja. Mfumo una uwezo huo. Ni sehemu ya kazi changamano, na msimamizi wa mfumo wenu anapaswa kuiwasha kwanza. Kama umeme unatakiwa uzimwe kabla mtu hajapanda, tumia utegemezi mwingine, ule wa kuanza baada ya mwenzake kumaliza. Usiwaachie waelewane kwa simu wakiwa njiani, kwa sababu kwenye ratiba hakutakuwa na alama ya makubaliano yao, na injini ikipanga upya mchana itawatenganisha bila kujua.

Likizo ya mpandaji mmoja ishughulikie kwa idadi. Kwenye aina ya kazi ya kupanda weka idadi ya chini ya wanatimu kuwa 2. Kisha ongeza kwenye sera ya ratiba, yaani mkusanyiko wa kanuni ambazo injini huzifuata ikipanga, ile kanuni ya upatikanaji wa wanatimu. Hapa kuwa makini kidogo: rekodi ya timu ina sehemu ya ukubwa wa timu, namba unayoiandika wewe na ambayo haibadiliki yenyewe. Mfumo unaweza kuhesabu kwa namba hiyo au kwa wanachama walioandikwa kweli, kutegemea mlivyoupanga. Hakikisha unahesabu wanachama. Mpandaji akienda likizo, funga uanachama wake kwa siku hizo na uufungue upya akirudi. Timu inabaki na mtu mmoja, haifiki 2, na kazi ya kupanda haitapangwa. Itabaki haina mtu kwenye ratiba, jambo ambalo mteja hatalipenda, lakini wewe utaiona asubuhi na kumpigia simu kabla gari halijafika Mikumi.

Saa tisa usiku. Mfumo unahifadhi tarehe na saa za rekodi hizi kwa UTC, yaani saa ya kimataifa ya kulinganishia, nasi Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele yake. Faili lako lilikuwa na tarehe bila saa, au lilikuwa na saa sita usiku, na chombo cha kupakia kikaisoma kwa UTC. Saa sita usiku ya UTC ni saa tisa usiku ya Morogoro, ndiyo hiyo unayoiona. Ama uweke saa za eneo (time zone) za chombo cha kupakia ziwe za Nairobi au Dar es Salaam, ama uandike saa kamili ndani ya faili. Fundi anayeanza saa mbili asubuhi Jumatatu tarehe 2 Juni 2025 anaandikwa 2025-06-02T05:00:00Z (Z ya mwisho inamaanisha UTC), na anayemaliza saa kumi na moja jioni siku hiyo ni 2025-06-02T14:00:00Z. Mwambie pia anayejaza faili kwamba saa mbili asubuhi kwenye kompyuta ni 08:00. Nimeshaona 02:00 kwenye mafaili mengi, na aliyeandika hakuwa mvivu, aliandika anavyosema.

Ukiwa hapo, angalia saa za eneo kwenye sehemu mbili zaidi: kwenye akaunti ya kila mtumiaji na kwenye saa za kazi za eneo la kazi la timu. Akaunti ikiwa bado na saa za Los Angeles, mratibu wa zamu ya jioni ataona ratiba iliyosogea kwa saa 10 au 11, kulingana na majira ya kule, na ataanza kuirekebisha kwa mkono. Hapo mnakuwa na makosa mawili yanayofichana.

Hukuuliza kuhusu eneo la kuanzia, lakini utakutana nalo ukishaunda timu ya tano. Anwani inayotumika kukokotoa safari ya kwanza ya siku ni ya uanachama wa timu kwenye eneo lake, si nyumbani kwa fundi. Kama gari linatoka bohari ya Msamvu na kiongozi anaishi Kihonda, andika Msamvu. Na timu ziitwe kwa gari au kituo. Ukiita Timu ya Juma, Juma atahamishwa mwezi ujao na jina litabaki.

Dereva, basi. Mfumo unahesabu wanachama, haupimi wanajua nini. Kazi inayotaka watu wawili itapewa timu yenye fundi mmoja na dereva mmoja, na kwenye skrini kila kitu kitakuwa cha kijani. Kama dereva wenu anashika spana na ana mafunzo ya usalama, mwingize kama fundi na umwekee uanachama kama wengine. Kama kazi yake ni usukani na kulinda gari, usimwingize. Jina lake na namba ya simu viandike kwenye maelezo ya timu ili kiongozi ajue wa kumpigia. Wapo wanaomwingiza na kisha kupandisha idadi ya chini kutoka 2 hadi 3 ili kumfidia. Hilo linakwenda vizuri mpaka siku gari lipo gereji na mafundi wawili wenye sifa wamepewa la kukodi. Kazi wanaiweza, lakini mfumo unawakatalia.