Uliza Ujibiwe: Kila mtu ana redio, mbona wanapigiana simu?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja kuhusu redio koli, zile ambazo wazee wetu wanaziita simu ya upepo, yaani wasomaji wa huku Arusha na Moshi mnataka kujua polisi, zimamoto, watu wa hifadhi na wenzao wa mkoa jirani wanaongeaje likitokea la kutokea. Nimechagua maswali matano.

SWALI: Mambo vipi kaka, mi ni bodaboda napaki njia panda ya KIA. Kuna ajali ilitokea hapa barabara kuu zikaja gari mbili za idara tofauti, kila mmoja ana redio kifuani inaongea muda wote, ila walipotaka kuambiana wao kwa wao mmoja akatoa simu ya mkononi akaanza kuuliza nani ana namba ya fulani. Hivi zile redio hazisikiani au wao ndo hawataki kusikilizana? *Bodaboda, KIA*

JIBU: Poa kaka. Wala sio kwamba hawataki. Redio mbili zinaweza kufanana kabisa kwa nje, hata rangi moja, na zisisikiane hata kidogo, na sababu ziko kadhaa, ngoja nikupitishe.

Ya kwanza ni masafa. Redio nyingi za kazi zinatumia VHF, kuanzia kama 136 mpaka 174 MHz, au UHF ya kuanzia 400 na kupanda, na redio ya VHF peke yake haiwezi kusikia ya UHF hata ukazishikanisha antena. Ya pili, hata masafa yakiwa mamoja kuna kitu kinaitwa toni, ni mlio mdogo wa chini sana ambao redio inauchuja usifike sikioni kwako ila yenyewe inausikia, mmoja kaweka 88.5 Hz mwenzake kaweka 100.0 Hz, basi redio ya huyu wa pili inabaki kimya wakati mwenzake anaita mpaka sauti inakauka. Ya tatu ni mfumo, wengine wako analogi wengine wameshahamia dijitali, na ukiwa na analogi ukakutana na sauti ya dijitali unasikia mlio tu kama mashine ya kusaga, hakuna neno hata moja. Na ya nne ni usiri, kuna redio zinafunga mazungumzo kwa ufunguo maalum, asiye na ufunguo hasikii, na polisi wana haki ya kufanya hivyo maana kuna operesheni ambazo mhalifu akisikia tu imekwisha.

Sasa wewe uko KIA, na hapo ni mahali pazuri sana kuelezea hili jambo. Uwanja wa ndege uko wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, lakini ukienda kidogo tu kuelekea Kikatiti na Usa River umeshaingia Arumeru, mkoa wa Arusha. Likitokea tatizo kubwa hapo uwanjani wa kwanza kufika ni zimamoto wa uwanja wenyewe, halafu watahitajika wenzao wa kutoka Moshi, wa kutoka Arusha, polisi wa pande zote mbili na magari ya wagonjwa ya hospitali tofauti. Na juu ya hapo kuna mnara wa kuongozea ndege, ambao unaongea na rubani kati ya 118 na 137 MHz kwa mfumo wa AM, wakati redio za askari wa chini ni FM, kwa hiyo anachokisema rubani askari wa barabarani hawezi kukisikia kwenye redio yake, lazima awepo mtu katikati wa kukipokea na kukipeleka.

Halafu kuna umbali na milima. Redio ya mkononi ina nguvu ya kama wati 5 tu, na mawimbi yake yanaenda karibu moja kwa moja, yakikuta kilima yanagonga hapo. Wawili wakiwa na redio za mkononi tu, mmoja mjini Arusha na mwingine Moshi, hawasikiani. Ndo maana inawekwa ripita mahali pa juu, inapokea kwa masafa moja na kurusha upya kwa masafa mengine, sasa kila chombo kina ripita zake kwa ajili ya eneo lake, na mpakani mwa maeneo mawili unaweza kujikuta umeshika zote mbili au hujashika hata moja.

Simu ya mkononi inasaidia ndio, ila kwenye tukio kubwa haitoshi. Simu unaongea na mtu mmoja, redio ukibonyeza kitufe mara moja wanasikia wote ishirini walioko eneo la tukio. Na watu wakishajazana, kila mmoja anapiga picha na kurusha video, mtandao unazidiwa na simu ya afande nayo inakwama kama ya kwako.

SWALI: Mwanangu, mwanangu wa kiume ni mgumu, yaani anabeba mizigo ya wageni mlimani. Ule moto wa 2020 aliniambia walikuja watu wa kila aina kuzima. Walikuwa wanaelewanaje? Na mlima ukiwaka tena itakuwaje? *Mama wa Marangu*

JIBU: Shikamoo mama yangu. Pole kwa wasiwasi, kuwa na mtoto mlimani sio kitu kidogo.

Moto ule wa Mlima Kilimanjaro ulianza Oktoba 11, 2020 eneo la Whona, njia ya Mandara kwenda Horombo, na waliokwenda kuuzima walikuwa TANAPA, zimamoto, polisi, vijana wa JKT, wanafunzi wa chuo cha Mweka na wanakijiji. Mi naomba nikueleze kwa upana jinsi mambo yanavyoharibika pale vyombo vingi vinapokutana bila kupanga, maana mfano mkubwa uko wazi na umeandikwa na tume.

Septemba 11, 2001 kule New York, magaidi waligongesha ndege kwenye minara miwili ya World Trade Center, na mnara wa kusini ulianguka saa 3:59 asubuhi kwa saa zao. Mnara wa kaskazini ulibaki umesimama dakika 29 zaidi. Ndani ya zile dakika helikopta za polisi zilikuwa zinazunguka juu, na marubani wakaona kabisa huu wa pili nao una dalili za kuanguka, wakasema kwenye redio ya polisi, na polisi waliokuwa chini wakasikia. Wazimamoto waliokuwa ndani ya jengo walikuwa na redio nyingine, masafa mengine, hawakuusikia ule ujumbe kutoka kwa marubani. Wakubwa wa polisi na wakubwa wa zimamoto nao walikuwa wamesimama sehemu tofauti, kila mmoja na kituo chake cha kuongozea. Kuna wazimamoto walioambiwa na wakubwa wao watoke wakatoka, wengine redio zao hazikushika vizuri ndani ya ghorofa zile, wengine hawakujua kwamba mnara wa kwanza umeshaanguka. Siku ile wazimamoto 343 walikufa. Kila nikiisoma sehemu hiyo ya ripoti naumia, kwasababu taarifa ilikuwepo hewani, juu ya vichwa vyao.

Na hapo tunaongelea mji wenye hela, kwa hiyo mtu asikwambie mama kwamba tatizo ni umaskini. Vifaa ni sehemu tu. Kinachotakiwa zaidi ni makubaliano kabla ya siku yenyewe, nani anaongoza, tunakutana chaneli gani, nani anabeba ujumbe kutoka kundi hili kwenda lile. Njia rahisi kuliko zote ni wakubwa wa vyombo vyote kusimama sehemu moja, bega kwa bega, kila mmoja na redio yake, akisikia kitu anageuka anamwambia mwenzake. Njia ya pili, unachukua redio zako mbili za akiba zenye chaji unampa kiongozi wa kundi jirani, shika hii, utatusikia. Ya tatu ni chaneli moja ya kuitana ambayo kila redio ya kila chombo inawekewa, Marekani kwa mfano wametenga 155.7525 MHz kwa kazi hiyo ya kuitana tu. Na ya nne ni kifaa cha kuunganisha, kiboksi unachomeka redio ya huyu na redio ya yule, sauti ikiingia huku inatokea kule.

Mlimani kuna ugumu wake mama. Mtu akiwa ndani ya korongo hasikiki hata awe na redio ya bei gani, na baridi inamaliza betri haraka, ndo maana wanaojua wanaweka betri ya akiba ndani ya koti karibu na mwili. Mwanao mwambie anapopanda ajue nani kwenye msafara wao ana redio na sehemu gani za njia inashika, hilo anaweza kumuuliza mwongoza wageni wao kabla hawajatoka getini na hakuna atakayemkasirikia.

SWALI: Habari mhariri. Nafanya biashara Namanga. Mwizi akivuka tu kwenda upande wa pili anatucheka. Kwanini polisi wa Tanzania na wa Kenya wasiwe na redio moja wakaambiana papo hapo? *Mfanyabiashara wa mpakani*

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Mawimbi hayana pasipoti, yanavuka yenyewe, lakini masafa ni mali ya nchi, kila nchi inagawa ya kwake na zilizopakana zinakubaliana ili zisiharibiane. Kwa hiyo kuwekeana redio moja ni jambo la mkataba, sio la afande wa zamu kuamua.

Njia za kuambiana zipo. Kuna EAPCCO, umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki ulioanzishwa 1998, kuna INTERPOL ambayo ina mtandao wake unaofanya kazi saa 24 kati ya nchi na nchi, na hapo Namanga kituo cha pamoja kilifunguliwa rasmi 2018, maafisa wa nchi mbili wako jengo moja. Tatizo ni kwamba taarifa ya kupitia makao makuu inachukua muda na mwizi wa pikipiki anahitaji dakika chache tu. Ndo maana mi naamini hicho kituo cha pamoja kingekuwa mahali pazuri pa kukaa askari wawili meza moja usiku na mchana, mmoja wa huku mmoja wa kule, kila mmoja na redio ya kwao.

Wenzetu Norway na Sweden wameenda mbali zaidi, mitandao yao ya redio za dharura wameiunganisha, gari la wagonjwa linavuka mpaka na dereva anaendelea kuongea na kwao na wakati huohuo na wenyeji. Sisi tuna kitu kizuri ambacho wengi hawana, afande wa Namanga ya huku na wa Namanga ya kule wote wanaongea Kiswahili. Huko Marekani wote wanaongea Kiingereza na bado walikwama, kwasababu kila idara ilikuwa na namba zake za siri na namba moja idara hii ni ajali idara nyingine ni kitu tofauti, mpaka baada ya kimbunga Katrina cha 2005 serikali yao ikaagiza kwenye matukio ya vyombo vingi watu waongee lugha ya kawaida, sema moto, sema majeruhi watatu. Hilo sisi tunaweza kulianza kesho na halina gharama.

SWALI: Oya bro, nimeona redio za Baofeng bei chee, nina kampuni ndogo ya ulinzi hapa Moshi. Naweza kuziseti nikawa nasikia polisi na kuwaita kukiwa na shida? *Kijana wa Moshi*

JIBU: Hapana bro, usifanye. Masafa yote yako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na sheria ya mawasiliano ya 2010 inataka leseni, kurusha kwenye masafa usiyopewa ni kosa. Na hata ukiacha sheria, fikiria mlinzi wako kakalia redio, kitufe kimebonyea, chaneli nzima imezibwa na askari aliyevamiwa sehemu nyingine hawezi kuomba msaada. Nenda TCRA uombe masafa yako ya kampuni, halafu nenda kituo cha polisi cha eneo lako mkubaliane mkiwa na tukio mtampigia nani.

SWALI: Shikamoo. Mimi mwalimu, Himo. Kijijini kwetu tuna kamati ya maafa ila haina hata redio moja. Tufanye nini? *Mwalimu wa Himo*

JIBU: Marahaba mwalimu. Kamati yenu ina nguvu ya kisheria, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazitambua kamati kuanzia kijiji mpaka mkoa, kwa hiyo mnayo haki ya kuuliza ngazi ya juu kwamba mafuriko yakija sisi tunampigia nani na yeye anampigia nani. Andikeni majina ya vyeo na namba kwenye karatasi, mbandike ofisi ya kijiji, shuleni na zahanati, na kila baada ya miezi michache mtu azipige zote aone kama bado zinapokelewa, maana watu wanahamishwa vituo na namba inabaki ya mtu ambaye yuko Songea siku hizi. Chagueni mtu mmoja wa kupiga na mmoja wa akiba, sio watu arobaini wote wanapiga kwa wakati mmoja wakati daktari anatafuta laini.

Polisi ni 112 na zimamoto ni 114. Wafundishe na wanafunzi namna ya kuongea, unaanza na mahali, sio na kilio, Himo mjini au njia ya kwenda Holili, upande gani wa barabara, karibu na shule ipi au kanisa lipi, halafu kimetokea nini na watu wangapi wameumia. Usikate mpaka aliyepokea akurudishie jina la mahali kama alivyolisikia, na akilikosea mrekebishe hapohapo.