Wadogo zangu wa maabara ya macho, hebu tusikilizane

Jumanne asubuhi nimefunua hadubini ya konfokali nikakuta lenzi ya 40, ile inayokuza mara 40, inang'aa mafuta. Lenzi kavu, isiyotakiwa kuguswa na mafuta! Nina miaka tisa katika maabara hii ya pamoja hapa Kisumu, na kila kundi jipya likiingia, mwezi wa pili hauishi kabla lenzi hiyo haijaogeshwa. Nimeamua kuandika kwa sababu nikisema kwa mdomo mnaitikia "sawa, kaka" huku macho yako kwenye simu.

1. Mafuta ni ya lenzi ya 63 peke yake. Anza na kavu, malizia na mafuta, usirudi nyuma. Mlifundishwa siku ya kwanza. Hata mimi nilifundishwa.

Mwaka wangu wa kwanza wa uzamili nilikuwa na retina ya mbuzi (utando wa nyuma ya jicho) chini ya 63, nikapoteza eneo nililokuwa nalipiga picha, nikazungusha lenzi ili nilitafute kwa 40. Picha ikawa ukungu. Kuchungulia, 40 imelowa. Zamu yangu ilikuwa imebakiza dakika kumi. Karatasi za lenzi zilikuwa zimeisha, au ndivyo nilivyojiambia, nikatoa tishu ya choo mfukoni nikafuta. Nikafuta tena, kwa nguvu. Tishu ni mti uliosagwa, jamani. Ni kupiga msasa. Kisha nikaandika daftarini "Mashine iko sawa" nikaenda kula samaki.

Aliyefuata zamu alikuwa dada mmoja wa uzamifu. Picha zake zikatoka na ukungu, naye akadhani kosa ni lake: pengine kingamwili ya kutilia rangi imeharibika, pengine amekata vipande vinene. Akaanza upya tangu kichinjioni. Macho mapya alfajiri, kwenye barafu. Paraformaldehaidi asilimia 4, sukari asilimia 30 usiku kucha, kraiostati (mashine ya kukata vipande vilivyogandishwa), mikroni 12, rangi siku mbili. Ukungu. Akarudia tena. Wiki tatu nzima. Mimi nilikaa meza ya pili kutoka kwake, nikamwona anagongagonga kichupa cha mwisho cha kingamwili apate tone, na nikamtia moyo: "Itakubali tu, dada."

Ndipo mzee wetu wa hadubini alipoifungua ile lenzi, akachomoa kioo cha kuchungulia, akakigeuza juu chini akikitumia kukuza, akatazama kimya. "Nani alikuwa anakaanga mandazi hapa?" Chumba kizima kikacheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote.

Usiku sikulala. Asubuhi nikamfuata dada na maneno niliyoyapanga kama mtu anayekwenda kuposa. Hakuniacha nimalize. "Ungeniambia Jumatano ile ile, ningetumia ya 20." Akarudi kwenye kraiostati yake. Hadi leo tukikutana hunisalimia vizuri sana, na hapo ndipo panaponiuma.

2. Slaidi huandikwa kwa penseli. Wino ukikutana na ethanoli huna tena sampuli, una vioo.

3. Taa nyekundu ya chumba cha ERG (kipimo cha umeme wa retina) ikiwaka, subiri, hata kama chaja yako imo ndani. Humo kuna mtu amekaa gizani dakika 20 ili seli zake za fimbo, zile za kuonea gizani, zizoee, na tochi ya simu yako inamrudisha mwanzo. Juzi alikuwa mama mmoja wa kutoka Seme, amepanda matatu mbili kuja kutusaidia. Alifumba macho, akauliza taratibu, "Basi tuanze tena, mwanangu?" Tukaanza tena. Aliyefungua mlango alikwishatoroka.

4. Stima ikipotea ikarudi, taa ya zebaki iache ipoe nusu saa ndipo uiwashe. Na friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri haifunguliwi "kuona kama bado ina baridi". Inayo, mpaka wewe uifungue.

5. Dirisha la upande wa ziwa lifungwe kabla ya saa kumi na mbili jioni. Wale wadudu wa ziwani wanapenda taa kuliko mnavyopenda Ijumaa. Nimewahi kumkuta mmoja ndani ya slaidi, amekauka vizuri, anang'aa kijani kuliko retina yenyewe.

Kuhusu lenzi ya Jumanne: daftari linaonyesha ni nani aliyekuwa na zamu Jumatatu jioni, na ameandika "Mashine iko sawa". Niko chumba cha kraiostati mpaka saa kumi. Karatasi za lenzi ziko droo ya pili, kushoto.