Msianze na miche: kurudisha ardhi iliyochimbwa makaa ya mawe

Mgodi wa makaa ya mawe ukifungwa, watu hukimbilia miche. Lori linafika Desemba, picha zinapigwa, na ikifika Septemba shamba zima limebaki vijiti. Lawama zinakwenda kwa mbuzi au kwa ukame. Mara nyingi tatizo liko kwenye kifusi chenyewe, na lilikuwepo kabla ya mche wa kwanza.

Kwa wenzetu wa Ileje, Ludewa na Mbinga, kwenye makaa ya mawe ya nyanda za juu kusini, anzeni kwa kuvunja jiwe la kijivu lililotoka juu au katikati ya mkaa. Mkiona chembe zinazong'aa kama shaba, hiyo ni pairaiti, yaani chuma na salfa. Ikiwa chini ya ardhi haina shida. Ikipata hewa na maji inageuka tindikali, na kwa mvua zetu za Novemba hadi Mei maji hayakosekani. Dalili zake zinaonekana kwa macho: ukungu mweupe au wa njano juu ya kifusi wakati wa kiangazi, na utelezi wa rangi ya kutu kwenye mitaro.

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Kifusi kilichofukuliwa juzi kinaweza kusoma pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, tindikali imezidi) 6 au hata 7, mpimaji akaandika kwamba udongo ni mzuri. Misimu miwili ya mvua baadaye kinasoma 3. Kipimo cha pH kinaonyesha tindikali iliyopo leo, hakionyeshi inayokuja. Kwa hiyo mkipeleka sampuli maabara, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya, au SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ombeni vipimo viwili: kiasi cha salfa ya pairaiti, na kipimo cha haidrojeni peroksaidi, ambacho hulazimisha pairaiti iungue yote kwa muda mfupi. Baada ya peroksaidi, pH ikishuka chini ya 4.5 kifusi hicho kitatoa tindikali. Chukueni sampuli sehemu kumi au zaidi, na msichanganye kifusi cheusi na chekundu kwenye mfuko mmoja.

Hesabu ya chokaa ni hii. Kila asilimia 1 ya salfa ya pairaiti inadai takriban kilo 31 za chokaa safi ya mawe kwa kila tani ya kifusi. Hekta moja kwa kina cha sentimita 15 ina tani zipatazo 2,000. Asilimia 1, basi, ni tani 62 kwa hekta. Nusu asilimia ni tani 31, tipa tatu za tani kumi. Mkulima wa mahindi aliyezoea tani mbili atadhani mmekosea nukta. Chokaa iwe laini kama unga, kwa sababu kokoto zake huvikwa kutu na kuacha kufanya kazi. Ichanganywe ndani ya udongo. Ikiachwa juu inashuka polepole mno.

Chokaa ya Songwe iko karibu kwa watu wa Mbeya na Ileje. Kwa aliye mbali nauli itaishinda bei ya chokaa, na hapo ni nafuu kuzika. Kifusi chenye pairaiti kirudi chini kabisa shimoni, kishindiliwe, kifunikwe kwa mfinyanzi ulioshindiliwa, juu yake angalau mita moja ya kifusi kisicho na tindikali, na mwisho udongo wa juu. Huo udongo wa juu uwe ulitengwa tangu siku ya kwanza ya kuchimba, kwenye marundo yasiyozidi mita mbili. Rundo refu linakosa hewa katikati, na vijidudu vinavyorutubisha udongo vinakufa.

Kazi ya katapila imalizike Agosti au Septemba, udongo ukiwa mkavu. Mteremko usizidi mita moja ya kupanda kwa kila mita tatu za kwenda mbele. Baada ya kusawazisha, ardhi inakuwa ngumu kama barabara, hivyo ipasuliwe kwa kina cha sentimita 50 kufuata kontua, yaani kukingama mteremko, ila jino la katapila lisifike kwenye ule mfinyanzi. Ukipasua udongo mbichi unaukata tu, haupasuki. Pigeni fanya juu, yaani mitaro ya kontua ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu kuwa tuta, na kwenye kingo pandeni nyasi za vetiva, sentimita 10 hadi 15 kati ya shina na shina. Mpango wa kufunga mgodi unadaiwa kisheria. Kijiji kiombe nakala mapema, maana katapila ikishapanda lobedi, lori la kubebea mitambo, hairudi.

Msimu wa kwanza ni wa marejea, mmea jamii ya kunde unaorutubisha udongo, na nyasi. Wekeni samadi iliyooza tani 10 hadi 20 kwa hekta, lakini si siku moja na chokaa ya kuchoma, nitrojeni itapotea hewani. Mbolea ya fosfeti ya Minjingu inafaa kwa sababu huyeyuka vizuri penye tindikali. SA, mbolea ya salfeti ya amonia, msiiguse, inaongeza uchachu. Marejea yakianza kutoa maua yafyekwe na kuachwa hapohapo.

Miti ingoje msimu wa pili. Mlusina unachukia tindikali, acheni. Kaliandra inavumilia zaidi. Mikaratusi itaota, sikatai, lakini chini yake ardhi hubaki tupu na mvua inaendelea kubeba udongo.

Rundo la mabaki ya mkaa likianza kutoa moshi au harufu ya kiberiti, linaungua ndani. Msilimwagie maji: mkaa wenye moto mkali ukikutana na maji hutoa gesi inayoweza kulipuka. Mwenye mtambo alifukue kutoka pembeni, alitandaze jembamba lipoe, kisha alifunike kwa mfinyanzi na kushindilia.